Mkono Umeshaondoka

Mwaka ule tulikula viazi. Mahindi yalikataa kubeba, yakasimama shambani marefu na matupu, na Mafinga nzima tukahamia kwenye viazi mviringo. Asubuhi viazi vya kuchemsha na maganda yake, unamenya huku unapuliza vidole, na chai ya rangi. Mchana viazi vya kuponda na maharage. Jioni viazi vya kukaanga, maana alizeti yenyewe haikugoma, na mafuta yake yalikamuliwa mengi hadi watu wakawa wanajipaka miguuni wakati wa baridi. Watoto walikwenda shule wakinuka viazi, padri alihubiri akinuka viazi, na mtu akipiga kwikwi kanisani benchi zima lilijua amekula nini. Ukiniuliza ulikuwa mwaka gani wa kalenda nitakuambia sina hakika. Darasa la nne ndipo nilipoishia, na tarehe sikuzoea kuzibeba kichwani. Lakini mtajie mwaka wa viazi mtu yeyote wa Mafinga aliyekuwa na meno wakati ule, atacheka kwanza, halafu ataguna.

Mimi sicheki. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni hapa Mbeya, nachagua parachichi, simu ikaita. Namba siijui. Sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo mama mkubwa. Ni Anjela, wa Mafinga. Mama ametutoka." Nikaitika marahaba, nikasema pole mwanangu, nikasema na mengine yanayosemwa, lakini mkono ulioshika parachichi ulilibana mpaka likapasuka, na muuzaji akaniangalia kwa jicho la kunidai. Mama Anjela sikuwa nimezungumza naye tangu mwaka wa viazi. Mimi ni bibi mwenye wajukuu saba, nina nyumba yangu ya matofali, nina studio ambayo mwanangu Sekela anaiendesha, na nikipita mtaani watu wananipisha. Najivuna na sifichi. Lakini jina hilo likitajwa ninakuwa mdogo, natamani kuvuta kitenge mpaka usoni.

Nilipanga chumba kwake. Nyumba ilikuwa ya mabanzi, yale magome ya misonobari ambayo viwanda vya mbao vinayatupa, na nyufa alizibia magazeti. Upepo wa Juni ukipiga, ukuta mzima ulikuwa unasoma habari kwa sauti. Kati ya kitanda changu na jiko lake palikuwa na banzi tu, kwa hiyo harufu yake nilikuwa nayo, moshi wake nilikuwa nao, na maneno yake yote nilikuwa nayo. Alipikia jiko la maranda, debe lililoshindiliwa vumbi la mbao, ukiliwasha asubuhi linanguruma polepole mpaka jioni. Mume wake alikuwa anapasua mbao huko ndani ya msitu, anakuja mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anaondoka. Mimi nilikuwa Mnyakyusa niliyekuja kutafuta kazi, sina ndugu hata mmoja pale, Sekela wangu nimemwacha kwa watu Mbeya. Mama Anjela hakuniuliza maswali. Siku ya kwanza aligonga banzi kwa mwiko akasema, "Kamwene, jirani! Unakula au unasikiliza tu?" Tangu siku hiyo sahani yangu ilikuwa inapita mlangoni kila jioni, viazi vikiwa bado vinachuruzika mafuta. Nikisema asante, anasema, "Kula, wewe mwembamba utapitia kwenye nyufa."

Usiku mapema, kabla sijazima kibatari, nilikuwa namsikia akimsomesha bintiye katekisimu huku wanamenya viazi vya kesho. Anjela alikuwa na miaka kumi na kitu, mdogo wa umbo kuliko wenzake wote, mwenye sauti ya kukwaruza. Mwaka ule ndio alikuwa anajiandaa kwa kipaimara, na mama yake aliishika habari hiyo kama wengine wanavyoshika mahari.

"Mapaji ya Roho Mtakatifu ni mangapi?"

"Saba."

"Yataje. Kwa sauti, askofu si sungura."

"Hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada..."

"Na?"

"Na viazi."

Nikasikia kicheko cha mama mtu, kile cha tumboni, mpaka kisu kikaanguka. Na mimi huku nikacheka, na yeye akasema kupitia ukutani, "Mama Sekela, usimcheke, atazoea!" Nilikuwa na furaha katika chumba kile. Naandika haya ili ajue anayesoma kwamba nilikuwa na kitu cha kupoteza.

Kazi nilikuwa nayo kwa Bwana Sanga, Mkinga mwenye studio karibu na stendi, mtu wa maneno laini na shati lililopigwa pasi hadi kwapani. Nilianza kwa kufagia, nikapanda kuwashikia watu kioo wachane nywele, baadaye akanifundisha kamera ya mkanda. Kamera ile niliielewa upesi kuliko nilivyowahi kuelewa kitu shuleni. Ukibonyeza inakata papo hapo, kwa! Unaisikia kwenye mfupa wa kidole. Unamwona mtu anataka kucheka, unabonyeza, na kicheko kimekwisha ingia ndani. Watu walianza kuniulizia. "Yupo yule mama wa Kinyakyusa? Basi nitarudi akiwepo." Ndipo majivuno yalipoanza kuniingia, na sikuyafukuza.

Katikati ya mwaka Sanga akaja na kamera ya dijitali, ndogo kama mche wa sabuni uliokwisha tumika. Akaiweka juu ya meza juu ya kitambaa. "Hii haina mkanda," akasema. "Inaweka picha kwenye kadi. Tunapeleka kadi Iringa, wanasafisha kwa kompyuta. Mafinga hakuna mwingine." Nikaipokea kwa mikono miwili. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, nikakigeuzageuza nikakirudisha kwenye boksi. Nyuma ilikuwa na kioo cha kuonyesha picha uliyopiga, lakini Sanga akakizima siku ile ile. "Kioo kinakula betri. Wewe chungulia kwenye kitundu kama zamani. Picha zote zimo humo, hazikimbii."

Kamera ile ilikuwa na tabia. Ukibonyeza, haipigi. Inawasha kitaa chekundu, inavuta pumzi, inawaza, ndipo inapiga. Wakati inawaza, mtu ameshafumba macho, keki imeshaingia mdomoni, bwana harusi ameshageuka kumtazama shemeji. Picha za kwanza ziliporudi kutoka Iringa wateja walikuja studio wamezishika kwa ncha za vidole.

"Mama Sekela, mbona hapa napiga chafya?"

"Ulitikisika."

"Na mke wangu? Huyu hapa ni kisogo chake."

"Na yeye alitikisika. Nyie watu hamtulii."

Niliwagombeza wote. Sanga mwenyewe nilimwambia ni watu, si kamera, naye akaamini kwa sababu alikuwa hataki kusikia kwamba kifaa chake kina kasoro. Ndani yangu nilijua. Mwanga wa flashi nilikuwa nauona unakuja nyuma ya kidole changu, umechelewa, kama mtoto anayeitika akiwa mtaa wa pili. Lakini nilikuwa nimekwisha onekana na kamera ile mjini, imening'inia shingoni juu ya sweta, na mwanamke wa darasa la nne hapati mara nyingi kitu cha kuning'iniza shingoni.

Kipaimara kilipokaribia nilikwenda kwa paroko. Nikamwambia siku ile wapiga picha wakiwa wengi watamzonga askofu, afadhali awe mmoja, na huyo mmoja awe mimi, maana nina kamera ya kisasa. Paroko alikuwa mtu wa kupenda utaratibu, akakubali. Wazee wawili wenye kamera za mkanda walikuja na mikoba yao siku ile, wakazuiwa mlangoni. Mmoja wao aliniuliza kwa upole, "Binti yangu, umeizoea hiyo?" Nikamjibu, "Baba, hiyo mikanda yenu kaanikieni nguo." Watu walicheka. Nilifurahi walivyocheka.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watoto walipangwa mstari mbele ya altare kuanzia mfupi kwenda mrefu, kila mmoja na msimamizi wake nyuma ameweka mkono begani. Anjela kwa ufupi wake akawa wa kwanza kabisa, gauni jeupe la kuazima, soksi zimevutwa hadi magotini. Mama yake alikuwa amesimama kwenye nguzo, kitenge kipya kinanuka duka. Alinikonyeza. Nikamkonyeza. Askofu akashuka, akachovya kidole gumba kwenye krisma, akaweka mkono kichwani pa mtoto, akampaka mafuta kwenye paji la uso, akasema maneno yake, akasogea kwa wa pili. Alikwenda kwa mwendo mmoja kama mtu anayepanda mbegu. Mimi nilikuwa napiga magoti, nainuka, nasogea. Kila mkono ulipogusa kichwa nilibonyeza. Kila nilipobonyeza kamera ikawaza. Kila ilipomaliza kuwaza ikapiga, na mimi nikasogea kwa mwingine nikiwa nimenyoosha shingo, nikijua kanisa zima linaniangalia.

Iringa nilikwenda na kadi kwenye kitambaa, nimekifunga kifuani. Msichana aliyekuwa anasafisha picha aliichomeka kwenye mashine yake, picha zikaanza kupanda kwenye kioo kikubwa, moja baada ya nyingine. Aliangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akageuka. "Mama, samahani. Huyu askofu alikuwa anawakimbia watoto?"

Nikasogea. Mtoto katikati ya picha, macho yamefumba, kichwani hana kitu. Pembeni, ukingoni kabisa, mkono wa askofu uko juu ya mtoto anayefuata. Picha inayofuata, mtoto katikati peke yake, mkono uko kwa jirani yake. Mstari mzima. Nilibonyeza kwa huyu, kamera ikapiga askofu akiwa kwa yule. Msichana aliona uso wangu akaacha kucheka, akanivutia kiti. Nilikaa. Niliona haya hata mbele ya kile kiti, maana nilikuwa nimeingia pale nikiagiza, "Uzisafishe vizuri, ni za kanisa."

Jumapili baada ya misa kina mama walinizunguka uwanjani. Niliwagawia bahasha huku naangalia chini. Wakazifungua. Halafu mmoja akasema, "Mwanangu mbona hajapakwa?" Mwingine, "Wangu pia." "Mkono uko kwa mtoto wa Mama Zawadi! Amepakwa yeye tu?" "Wapi, na Zawadi mwenyewe hana, tazama." Sauti zikapanda. Watu wa huko picha ya kipaimara waliitundika ukutani juu ya picha ya harusi, mgeni akiingia anaonyeshwa hiyo kwanza. Picha isiyo na mkono ni picha ya mtoto aliyevaa nguo nyeupe, basi. Mmoja alifika mbali akasema kamera ya mama huyu inaondoa baraka, na sikuona mtu aliyemkemea.

Aliyetuokoa alikuwa bibi mmoja wa Kalenga aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake. Alikuwa ameishika picha ya mtoto wa mtu mwingine karibu na pua. "Hebu subirini," akasema. "Huyu wa pembeni hapa, nusu uso. Sikio hili ni la kwetu. Hili sikio nalijua, ni la marehemu mzee." Na kweli, alikuwa mjukuu wake, amekatwa nusu, lakini mkono wa askofu uko kichwani mwake waziwazi. Basi wakaelewa. Kila mtoto mkono wake ulikuwa ndani ya picha ya mwenzake aliyemtangulia. Wakaanza kubadilishana. "Nani ana mtoto aliyesimama kabla ya wangu? Nipe huyo wako, mimi nitakupa huyu." Wakacheka, wakataniana masikio na pua, uwanja ukawa kama mnada. Nusu uso na mkono wa askofu walikubali. Mimi nikavuta pumzi.

Halafu nikamwona Mama Anjela. Alikuwa amesimama na bahasha yake, anamngoja mtu wa kubadilishana naye. Anjela alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Kabla yake hapakuwa na mtoto.

Alikwenda nyumbani, na jioni ile sahani haikupita. Nilikaa kitandani nikasikia jirani yake amekuja, wanasogelea jiko.

"Labda askofu alimruka," jirani akasema.

"Alimgusa. Mimi nilikuwa kwenye nguzo, niliona."

"Umeona wewe. Picha haikuona."

"Mwanamke huyu nimemlisha viazi vyangu," Mama Anjela akasema, polepole, si kwa hasira. "Wote wamepata hata nusu. Wangu hana hata nusu." Alijua nipo upande wa pili wa banzi. Alitaka nisikie, na nilisikia, nikajifunika blanketi kichwani ingawa hakuna aliyekuwa ananiona.

Sanga ndiye aliyepata dawa. "Ni mtoto mmoja tu," akasema. "Tunamleta studio na gauni lake. Katekista atavaa joho la kwaya, lile jeupe. Picha haihitaji uso wake, inahitaji mkono na upindo wa mkono wa nguo. Mkono ni mkono, Mama Sekela. Nani atakiuliza kidole gumba kitambulisho?" Alisema hivyo akitabasamu, na katekista naye akatabasamu, mzee mpole aliyewafundisha watoto wale mwaka mzima, na nilijua hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndiyo maana hata leo linanisumbua.

Walikuja Jumamosi mchana. Anjela amevaa gauni lile lile, soksi zile zile. Msimamizi wake nyuma. Mama Anjela alikuja na kibakuli cha bati, amekifunika kwa mkono. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile aliniangalia machoni. "Mama Sekela," akasema, "mimi sina kinyongo. Nipigie hii tu, yaishe. Jioni uje ule." Nikasema haya. Nataka ieleweke kwamba nilisema haya. Nilishika kamera, nikachungulia kwenye kitundu. Katekista akachovya kidole kwenye kibakuli, akainua mkono, na harufu ikanifikia. Yalikuwa mafuta ya alizeti, tena yaliyokwisha kukaangia. Yalinuka viazi vya jana. Kwenye kitundu nikauona uso wa Anjela umefumba macho kwa utii, umeinuliwa kupokea mafuta ya viazi kama alivyopokea yale ya askofu, na kidole changu kikakataa.

Nikashusha kamera. Sanga akasema, "Betri?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi piga."

Nikasema, "Mkono umeshaondoka. Mimi siurudishi."

Sanga alisogea akaninong'oneza kwamba nisimwaibishe, kwamba ni mimi niliyeharibu na sasa naleta utakatifu. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa. Ningekuwa na haya ningepiga. Nani mimi, niliyewaambia wazee waanike nguo kwenye mikanda yao? Mama Anjela alibaki ameshika kibakuli. Alisema, "Mama Sekela, unanikatalia mimi?" Na hapo Anjela akafumbua macho. Akatuangalia mmoja mmoja, akauliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Kwani mimi sikupakwa?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa jepesi. Ulipakwa, mwanangu, wa kwanza kuliko wote, nilikuwa nimepiga magoti karibu kuliko mama yako, nilikiona kidole. Mimi ndiye niliyechelewa. Sikulisema. Nilikuwa nawaza watu watakavyosema mjini, nikawa nasubiri mtu mwingine amjibu mtoto, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake. Hilo ndilo ninalolionea haya. Kule kukataa hakujawahi kunitia haya. Kimya kile ndicho kinanichoma. Sanga akainua mkono aichukue kamera apige mwenyewe, lakini Mama Anjela alimshika bintiye. "Acha," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa kanisani. Kama yeye hataki kuona, hakuna wa kuona." Alipofika mlangoni alimwaga mafuta nje, kwenye vumbi la barabarani, akafuta kibakuli kwa upindo wa kitenge kipya.

Nilikaa katika nyumba ile miezi michache iliyobaki. Sahani haikupita tena. Nilinunua viazi vyangu, nikavichemsha kwenye sufuria yangu, nikavila nikiwa nimekaa mbali na ukuta, na wao upande wa pili walijifunza kuongea kwa kunong'ona. Sanga hakunifukuza, ila alinirudisha kwenye ufagio. Nilimwomba kamera ile saa za mchana ambazo hakuna mteja. Nilikuwa nakwenda nayo pale malori yanapopakia mbao, nakaa juu ya gogo. Kijana wa chini anaurusha ubao, wa juu anaudaka. Nilitaka ubao uwe hewani. Nikibonyeza ukiwa hewani, picha inakuja ubao umeshalala kwenye lori. Nikaanza kubonyeza ukiwa bado mikononi mwa wa chini, anapokunja goti. Halafu nikagundua kwamba kitufe kina vituo viwili. Ukikibonyeza nusu ukakishikilia, kamera inamaliza kuwaza mapema na kukungoja wewe, na ukimalizia ile nusu ya pili inapiga karibu papo hapo. Hakuna aliyenionyesha. Wapakiaji walikuwa wananitania, "Mama, mbao nazo zinataka kipaimara?" Nilikuwa nawajibu matusi madogo. Siku nilipoupata ubao hewani, umenyooka, mikono miwili chini na miwili juu na katikati hakuna kitu, nilikaa kwenye gogo lile nikalia mpaka wakaacha kunitania. Kujua kulikuwa kumekuja, na kwenyewe kulikuwa kumechelewa.

Nikarudi Mbeya. Mengine watu wanayajua. Nimepiga harusi zisizo na idadi, wanafunzi wangu wawili wana studio zao, na hakuna mkono wa askofu wala pete ya bibi harusi iliyonipita tena. Nikisifiwa nainua kidevu. Lakini mwanafunzi akiniuliza nilijifunzaje kubonyeza kabla, nabadilisha mazungumzo.

Mafinga nilifika siku moja baada ya maziko. Nyumba siku hizi ni ya matofali, imejengwa pale pale. Walitupa wali na maharage, viazi havikuwepo, nikavitafuta kwa macho kwenye masufuria nikaona nimekuwa mjinga. Anjela ni mwanamke mzima, fundi cherehani, bado mfupi. Alinipokea mkoba, akanikalisha ndani kwenye kochi, akakaa mbele yangu. Hakuzunguka.

"Mama mkubwa, mama hakukusamehe. Alisema akifa usiitwe. Mimi nimekuita."

Nikasema, "Ndaga, mwanangu." Asante ya Kinyakyusa ilinitoka yenyewe.

"Nimekuita kwa sababu ya hii."

Alisimama akaishusha kutoka ukutani. Ilikuwa kwenye fremu ya msonobari, iliyopakwa vanishi, kubwa kuliko zote pale. Mtoto wa gauni jeupe, macho yamefumba, peke yake. Ukingoni mkono umekwenda kwa jirani. Mama Anjela aliitundika miaka yote hiyo, picha yangu mbovu, juu ya picha ya harusi yake. Nikaona haya mpya, ya aina ambayo sikuwa nayo wakati nakuja.

"Wageni wakiuliza mkono uko wapi," Anjela akasema, "mama alikuwa anasema, muulizeni Mama Sekela. Kila mgeni. Nimekua nikilisikia jina lako hivyo. Na mimi nilikuwa nawaza, labda kweli nilirukwa." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nimekuwa na watoto watatu, bado nawaza."

"Ulipakwa," nikasema. "Wa kwanza. Nilikiona kidole. Nilitakiwa nikuambie siku ile ile."

Hakusema asante, na sikustahili. Halafu akatoa simu. Alisema mwanawe ameigeuza picha ile ikawa kwenye simu, na kwamba siku hizi simu inajua kufanya mambo: inaweza kuutoa mkono wa askofu kule ukingoni na kuuweka kichwani kwake, usijue. Wameshaujaribu, umekaa vizuri. Hawajautundika. Matanga yanaanuliwa keshokutwa, watu wote watakuja, na angependa picha ya ukutani iwe na mkono. "Lakini mama alisema uliyekuwepo ni wewe. Basi sema ndiyo, nipeleke ikasafishwe. Mfanyie mama hilo tu. Mara hii hutabonyeza hata kitufe."

Alinionyesha. Mkono ulikuwa umekaa vizuri kweli. Niliiweka simu kochini, nikaichukua fremu mapajani, nikafuta kioo kwa upindo wa kitenge changu. Miaka yote ile nilikuwa nimeukumbuka mkono usiokuwepo, uso sikuwahi kuutazama. Sikuwa na miwani wakati ule, wala picha haikuwa kubwa hivi. Katikati ya paji la uso la mtoto, flashi yangu iliyochelewa ilikuwa imekuta kitu kinang'aa. Kidogo, kirefu kama kucha, kimelowa mafuta. Nikamshika Anjela kidole nikakiweka pale juu ya kioo. Alikodoa macho, akasogea dirishani na fremu, akarudi. Nilidhani ameridhika.

"Naona," akasema. "Lakini watu hawataona mpaka waonyeshwe kwa kidole. Mkono wanauona wote. Tafadhali, mama mkubwa. Kwa ajili yake."

Nje wanawake walikuwa wanaosha masufuria, mmoja alikuwa anamwita Anjela aje aseme chumvi iko wapi. Hakwenda. Alikuwa ananingoja mimi, kwa uso ule ule wa studio, na mama yake hakuwepo tena kumshika mkono amwondoe. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Mkono umeshaondoka. Mimi siurudishi."